Lozi, korosho, karanga au makadamia: utengeneze maziwa gani nyumbani?

Ukishaamua kutengeneza maziwa ya kokwa nyumbani, utengenezaji wenyewe haukusumbui sana. Loweka, saga na maji, chuja, weka kwenye friji. Hatua hizo hazibadiliki sana kutoka kokwa moja hadi nyingine. Shida huanza unaposimama mbele ya mifuko minne na hujui uchukue upi. Waulize watu watatu, kila mmoja atakuapia kwamba yake ndiyo yenyewe. Wasikilize vizuri utagundua kwamba hata hawabishani: mmoja anatia maziwa kwenye kahawa, wa pili anapikia supu, wa tatu anayanywa ya baridi asubuhi. Kila mtu amepata kokwa inayofaa kazi yake, kisha akadhani inafaa kazi za wote.

Hapa hakuna bingwa basi. Nimechukua lozi, korosho, karanga na makadamia, nikazipitisha kwenye vipimo vilevile. Wewe unajua maziwa yako yanaishia wapi. Mimi nitakwambia kila kokwa inajibebaje ikifika huko.

Tunapima nini

Cha kwanza ni matumizi, na kwangu hiki kinazidi vingine vyote. Maziwa matamu ya kunywa baridi yanaweza kukatika mara tu yanapokutana na kahawa ya moto. Yanayoipa supu uzito mzuri yanaweza kukukinai kabla hujamaliza nusu glasi.

Cha pili ni kazi: kuloweka kwa saa ngapi, kuna maganda ya kumenya, kuna kuchuja? Watu wengi huacha kutengeneza maziwa haya kwa sababu ya kitambaa cha kuchujia, wala si kwa sababu ya ladha.

Cha tatu ni kile kinachoingia mwilini, pamoja na suala la mzio. Cha nne ni gharama, na hapa usihesabu bei ya kokwa peke yake. Hesabu pia kiasi kinachobaki kwenye kitambaa kama machicha na kama una matumizi nayo. Cha tano ni usalama, ambao kwa kila kokwa una mambo yake ya pekee.

Ili tusimpendelee yeyote, tuseme gramu 100 za kokwa kavu kwa lita 1 ya maji. Ukitaka maziwa mazito zaidi panda hadi gramu 140 au 150, ila kwa kulinganisha 100 inarahisisha hesabu. Takwimu zifuatazo ni za makadirio, kwa gramu 100 za kokwa isiyokaangwa:

| Kokwa | Protini | Mafuta | Nyuzinyuzi | Kalsiamu | Muda wa kuloweka |
|---|---|---|---|---|---|
| Lozi | g 21 | g 50 | g 12 | mg 270 | saa 8 hadi 12 |
| Korosho | g 18 | g 44 | g 3 | mg 37 | saa 2 hadi 4 |
| Karanga | g 26 | g 49 | g 8 | mg 92 | saa 6 hadi 8 |
| Makadamia | g 8 | g 76 | g 9 | mg 85 | saa 2, au bila kuloweka |

Gawa kila namba kwa nne, utapata kiwango cha juu kabisa kinachoweza kuwemo kwenye glasi ya mililita 250. Nasema cha juu kabisa kwa sababu kila unapochuja, sehemu ya protini, madini na karibu nyuzinyuzi zote hubaki kwenye kitambaa. Sasa weka pembeni yake glasi ya maziwa ya ng'ombe: protini kama gramu 8, kalsiamu kama miligramu 300. Lozi, ambazo ndizo zenye kalsiamu nyingi hapa, haziwezi kukupa hata miligramu 70 kwa glasi. Ukisoma kwenye pakiti ya dukani kwamba maziwa ya lozi yana kalsiamu nyingi, jua imeongezwa kiwandani, sawa na vitamini D na B12. Ya kwako ya nyumbani hayana hizo, na anayeacha kabisa vyakula vya wanyama lazima azitafute kwingine.

Kwa upande mwingine, mengi ya yale ya dukani yana kokwa asilimia 2 au 3 tu, kilichobaki ni maji na vitu vya kuyafanya yasijitenge. Ya nyumbani yana kokwa mara kadhaa ya hapo. Unapata ladha zaidi na mafuta zaidi, na pia maziwa yanayojitenga yakitulia, jambo ambalo si kasoro. Tikisa, mimina.

Lozi

*Kazi.* Hizi ndizo zinazodai subira. Ziloweke usiku, asubuhi zitakuwa zimevimba na zinakatika kwa ukucha. Mwaga maji yake, suuza, saga na maji safi kwa dakika moja au mbili hadi usione tena vipande vinavyozunguka. Maganda si lazima uyamenye. Ukiyaacha, maziwa yatakuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na uchungu wa mbali sana. Ukitaka meupe, mwagia lozi zilizolowekwa maji yanayochemka, subiri dakika moja, kisha minya kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Kiini huruka nje chenyewe, na kama hujakinga kwa mkono wa pili utakiokota sakafuni.

Kuchuja hakukwepeki. Lozi zina nyuzinyuzi nyingi kuliko wenzake wote hapa, na usipochuja utakunywa mchanga. Chujio la chai halitoshi, tumia kitambaa cheupe chepesi au mfuko wa wavu wa kuchujia. Mimina, acha yachuruzike yenyewe kwanza, halafu kusanya ncha za kitambaa, zisokote, na ukamue ukishuka kutoka juu kwenda chini. Ukianza kwa kubana katikati kwa nguvu, kitambaa kitapasuka au machicha yatatokea pembeni na utaanza upya. Acha kukamua yanapotoka matone. Yaliyobaki yanapaswa kuvunjika mkononi kama udongo wenye unyevu kidogo.

*Kwenye matumizi.* Baridi, lozi hazina makuu: nyepesi, tamu kidogo, hazigombani na matunda wala nafaka. Tatizo lake ni kahawa. Protini za lozi hazipendi tindikali na joto vikija pamoja, hivyo maziwa hukatika na kuelea kama vipande vyeupe. Hayajaharibika, ila hayapendezi. Yapo ya kufanya: pasha maziwa polepole yawe ya moto bila kuchemka, acha kahawa ipoe dakika moja au mbili, halafu mimina kahawa kwenye maziwa kidogokidogo badala ya maziwa kwenye kahawa. Kahawa iliyokaangwa sana huwa na tindikali kidogo kuliko iliyokaangwa kidogo, nayo husaidia. Chembe ya bikaboneti ya soda kwenye maziwa pia hupunguza ukali wa tindikali, lakini ikizidi utaonja sabuni. Chai ina tindikali kidogo kuliko kahawa, kwa hiyo ni rahisi zaidi.

*Mwilini.* Sifa yake kubwa ni vitamini E. Gramu 100 za lozi zina takriban miligramu 25. Upande wa pili ni oksaleti, ambazo lozi zinazo nyingi. Mtu aliyewahi kupata mawe ya figo ya aina ya oksaleti amuulize daktari kabla ya kuyafanya kinywaji cha kila siku.

*Gharama na usalama.* Si rahisi, na machicha ni mengi. Ukiyatupa, unatupa sehemu kubwa ya ulichonunua. Yatandaze kwenye sinia, yaweke kwenye oveni ya nyuzi 100 hivi ukiyageuza mara kwa mara hadi yakauke kabisa, kisha yasage tena. Utapata unga wa kuongeza kwenye keki, biskuti au uji. Kuhusu usalama, nunua lozi tamu zinazouzwa kama chakula. Lozi chungu ni aina nyingine, zina amigdalini ambayo huzalisha sianidi zikisagwa na maji, na hapo hakuna mjadala.

Zinamfaa anayekunywa baridi, anayetaka maziwa mepesi, na asiyeona tabu kupanga kazi tangu jana yake. Hilo la kupanga si dogo. Mtu anayekumbuka maziwa asubuhi akiwa amevaa viatu atachukia lozi hata kama anapenda ladha yake. Kwa taarifa tu, jikoni za Ulaya ya Zama za Kati, hasa za wenye uwezo, zilitumia sana maziwa ya lozi siku za mfungo, wakati maziwa ya mnyama yalikuwa hayaruhusiwi. Nao bila shaka walikuwa na watu wa kuwakamulia.

Korosho

*Kazi.* Hapa mambo ni mepesi. Saa mbili hadi nne za kuloweka zinatosha, na ukiwa na haraka zimwagie maji yaliyochemka, zifunike nusu saa. Maganda hakuna. Kuchuja, ukiwa na blenda yenye nguvu, hakuna pia: korosho ni laini, nyuzinyuzi zake ni chache, zinasagika zikaisha. Blenda ikiwa dhaifu, zisage kwanza na maji kidogo zilainike kama uji mzito, ndipo uongeze maji yaliyobaki. Watu wengi humimina maji yote kwa mpigo, kokwa zikawa zinakimbiakimbia bila kukutana na kisu, halafu lawama zinaiendea blenda.

*Kwenye matumizi.* Korosho zina kitu ambacho wenzake hawana kwa kiasi hicho: wanga. Ukiyapasha maziwa yake, yanakuwa mazito, kama unavyoona unga ukishika kwenye mchuzi. Hiyo ni neema kwa supu, sosi na vyakula vinavyotaka krimu. Kwa gramu 100 kwenye maji mililita 200 tu unapata krimu kamili. Ni balaa kidogo kama ulitaka kuyachemsha ya kunywa ukasahau sufuria. Utarudi ukute uji. Kwenye kahawa yanatulia vizuri zaidi ya lozi na yanaipa mwili, ingawa kahawa kali sana inaweza kuyakata pia. Ya baridi yana utamu wa asili, lakini wengine huyaona mazito kooni. Ongeza maji, gramu 80 kwa lita, tatizo limeisha.

*Mwilini.* Kwa kuwa huchuji, unachokiona kwenye jedwali ndicho unachokunywa, au karibu yake. Ndiyo maana glasi ya korosho isiyochujwa inaweza kuikaribia ya lozi zilizochujwa kwa protini, japo kokwa zenyewe zina protini kidogo kuliko lozi. Kalsiamu ni haba. Mwenye mzio wa pistachio aziepuke korosho pia. Kokwa hizi mbili ni ndugu, na mzio wa moja mara nyingi huambatana na wa nyingine.

*Gharama na usalama.* Nzima nzima huwa ghali, ila kwa maziwa huhitaji nzima. Zilizovunjika huuzwa kwa bei ya chini na blenda haijui tofauti. Machicha hakuna, hivyo hulipii kitu cha kutupa. Usalama una jambo moja: usibangue korosho mwenyewe kutoka kwenye ganda lake ili upate "mbichi halisi". Ganda lina mafuta yanayounguza ngozi vibaya. Hata zile zinazouzwa kama mbichi zimekwisha kupitishwa kwenye joto wakati wa kubanguliwa.

Zinamfaa mpishi, mwenye haraka, na yule ambaye kitambaa cha kuchujia ndicho kilimshinda mara ya kwanza.

Karanga

Karanga kwa ukoo si kokwa za miti. Ni jamaa wa maharage na kunde, na ujamaa huo unajitokeza kwenye maziwa. Ukizisaga mbichi na kuyanywa hivyohivyo, utapata harufu ya maharage yasiyoiva. Wengi waliojaribu mara moja wakaapa kutorudia walifanya hivyo.

*Kazi.* Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuzikaanga kwanza bila mafuta, moto wa wastani, ukikoroga mpaka harufu ibadilike na maganda yaanze kupasuka. Zikipoa zisugue kwa viganja, peta maganda, saga, chuja. Maziwa yatakuwa na rangi ya kahawia nyepesi na ladha ya karanga isiyojificha. Ya pili ni kuziloweka saa 6 hadi 8, kumenya, kusaga, kuchuja, kisha kuchemsha maziwa yenyewe kwa dakika 5 hadi 10. Haya yanakuwa meupe zaidi na mapole zaidi. Yanachemka kwa povu jingi kama maziwa ya soya, na sufuria iliyojaa nusu tu inaweza kufurika ukigeuka kuchukua kijiko. Tumia sufuria kubwa kuliko unayodhani inatosha, na usiondoke.

*Kwenye matumizi.* Karanga hazijui kukaa nyuma. Kwenye kahawa utakunywa karanga zenye kahawa. Kwenye uji, ndizi mbivu iliyosagwa, kakao au sosi nzito, zinafanya kazi ambayo lozi haziwezi hata kuikaribia. Kwangu hili ndilo la kuamulia: ukipenda ladha ya karanga, huna sababu ya kununua kokwa ya bei kubwa zaidi, usipoipenda, hakuna vanila itakayoificha.

*Mwilini.* Protini nyingi kuliko zote, hadi gramu 6 hivi kwa glasi kabla ya kutoa kilichobaki kwenye kitambaa. Mmarekani George Washington Carver, mtafiti wa kilimo, aliyazungumzia maziwa ya karanga mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwaka 1921, akiwa miongoni mwa waliotaka karanga zionekane kuwa zaidi ya vitafunio. Mzio wa karanga, hata hivyo, unaweza kuwa mkali mno, na kuchemsha au kukaanga hakuyafanyi maziwa yawe salama kwa aliye nao. Kama nyumbani mko wengi, mwenye mzio akiwa mmoja, blenda moja haitoshi.

*Gharama na usalama.* Kwa kawaida ndizo rahisi kuliko zote. Lakini rahisi hiyo inadai macho. Karanga zilizohifadhiwa kwenye unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, sumu inayodhuru ini, na joto la jikoni haliiondoi. Zimwage kwenye sinia kwenye mwanga mzuri kabla ya kuloweka. Toa zilizonyauka, zilizobadilika rangi, zenye vumbi la kijani au kijivu na zilizotobolewa. Ukikutana na iliyo chungu, iteme. Ukiona mbaya ni nyingi, usichambue; tupa mfuko wote. Sumu huanza kabla jicho halijaona kuvu, kwa hiyo muuzaji anayehifadhi vizuri ana thamani kuliko punguzo la bei. Kokwa nyingine nazo zinaweza kupata sumukuvu, ila karanga hukomaa ardhini na kwake tahadhari ni ya kwanza.

Zinawafaa wenye familia kubwa, wanaotafuta protini kwa bei nafuu, na wapenzi wa ladha nzito.

Makadamia

Nitakuwa mfupi, kwa sababu makadamia hazina mambo mengi. *Kazi:* huhitaji kuloweka, na kuchuja ni kwa anayependa ulaini wa mwisho kabisa. *Matumizi:* robo tatu ya kokwa ni mafuta, kwa hivyo maziwa yake yana ulaini wa siagi na yanakaa vizuri kwenye kahawa. Protini ni kidogo, hivyo hata cha kukatika ni kidogo. Usisage muda mrefu. Blenda ikipata moto, mafuta hujitenga na kuelea juu. Maji baridi sana na dakika moja vinatosha. Kwa supu ni mazuri, ingawa hayashiki kama ya korosho kwa kuwa wanga ni mdogo. *Mwilini:* mafuta yake mengi ni ya aina isiyoganda kwenye joto la kawaida la chumba, inayosifiwa kwa moyo, lakini glasi inaweza kubeba hadi gramu 19 za mafuta na gramu 2 tu za protini. Mtu anayehesabu nguvu anazokula aione namba hiyo mapema. *Gharama:* mara nyingi ndizo ghali kuliko zote nne. *Usalama:* zikikaa kwenye joto hutoa harufu ya mafuta ya zamani, na zikifika hapo hazirudi. Na kama una mbwa, usimpe machicha wala kokwa. Makadamia ni sumu kwake.

Zinamfaa mnywa kahawa anayejipa raha, na asiyependa ladha ya kokwa kutawala.

Vifaa, kwa kifupi

Blenda ya kawaida na kitambaa vinatosha kwa kokwa zote nne. Mashine maalumu zinazosaga na kuchuja zenyewe zinafaa kwa anayetengeneza karibu kila siku; kwa wa mara moja kwa wiki zinakuwa kitu kingine cha kuosha. Ipo pia njia ya mkato ambayo haipewi heshima yake: vijiko viwili vya chakula vya siagi ya lozi, korosho au karanga, isiyo na sukari wala chumvi, kwenye kikombe cha maji, saga nusu dakika, kunywa. Hakuna kuloweka wala kuchuja. Yanakuwa na ladha ya kokwa iliyokaangwa na chembe kidogo, lakini kwa anayetaka glasi moja tu, ni afadhali kuliko lita nzima itakayochachia kwenye friji.

Kuhifadhi

Hapa kokwa zote ni sawa. Maziwa haya hayana kihifadhi, kwa hiyo hesabu siku 3, au 4 kama friji yako inashika nyuzi 4 au chini na chupa ilikuwa safi. Yasikae mezani zaidi ya saa mbili. Harufu ya uchachu, ute unaovutika kwenye kijiko au mapovu yasiyo na sababu, mwaga. Unaweza kuyagandisha kwenye friza. Yakiyeyuka yatakuwa yamejitenga na kuwa na chembechembe, kwa hiyo yabaki ya kupikia. Maji ya kulowekea mwaga kila mara, na jikoni pakiwa na joto, loweka ndani ya friji. Kitambaa kifue kwa maji ya moto mara tu unapomaliza, kwa sababu mafuta yakikauka kwenye nyuzi zake, maziwa yanayofuata yataanza na harufu.

Utamu na viungo ni hiari: tende mbili wakati wa kusaga, vanila, chembe ya chumvi. Chumvi inafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, hasa kwa lozi.

Uchukue ipi, kwa hali yako

Kama maziwa yanaenda kwenye kahawa kila siku, anza na korosho au makadamia, na bei iamue kati yake. Ukishikilia lozi, changanya robo ya korosho kwenye lozi robo tatu. Mchanganyiko huo unapata mwili, unapunguza mshtuko kwenye kikombe, na mfuko haushtuki sana. Mnywa chai ana uhuru zaidi, ila karanga zitambadilishia kinywaji.

Kama unapikia, korosho zina faida iliyo wazi kwa chochote chenye krimu. Sosi nzito na uji wenye kushibisha ni uwanja wa karanga. Kwenye vyakula vyenye ndimu au nyanya nyingi, maziwa ya lozi yatie mwishoni tu, moto ukiwa chini.

Kwa kunywa baridi na matunda au nafaka, lozi zina nafasi nzuri, mradi uwe mtu wa kuloweka usiku. Hutaki kupanga? Korosho nyepesi, gramu 80 kwa lita.

Bajeti ikibana, karanga, pamoja na ule uchambuzi wa kwenye sinia. Zikikushinda ladha, tafuta korosho zilizovunjika.

Kwenye mzio usikisie. Mwenye mzio wa karanga si lazima awe na mzio wa lozi, na kinyume chake, lakini wapo wenye vyote, na vipimo vya daktari ndivyo vinavyojua. Akishindwa na zote, maziwa ya shayiri au soya yapo, nayo yana makala yake.

Kwa mtoto mchanga aliye chini ya mwaka mmoja, hakuna hata moja kati ya haya linaloweza kuchukua nafasi ya maziwa ya mama au maziwa maalumu ya watoto. Akishavuka umri huo, yaingie kama sehemu ya mlo baada ya kuongea na mtaalamu wa lishe, hasa kwa sababu ya protini na kalsiamu tulizozihesabu pale juu.

Na ukiwa bado umekwama kati ya mbili, usinunue kilo. Chukua gramu 50 za kila moja, tengeneza nusu lita nusu lita, na usizionje kwa kijiko. Mimina kwenye kile unachokunywa au kupika kila siku, kwa joto lilelile la kila siku, na uangalie ni ipi uliyoimaliza bila kujilazimisha.